Somo la Kumi na Nne: Kumkinga Mtoto na Virusi vya UKIMWI

Katika somo lililopita mlijifunza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyoulinda mwili. Mliona pia kuwa Virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa kifupi huitwa VVU, hushambulia baadhi ya chembe hizo. Leo tutajifunza jinsi mama mwenye VVU awezavyo kuzaa na kumlea mtoto asiye na virusi hivyo. Tutaona pia kwa nini kazi hiyo haiishi siku ya kujifungua.

A. Njia tatu

VVU huweza kutoka kwa mama na kumwingia mtoto katika nyakati tatu:
(a) mtoto akiwa tumboni;
(b) wakati wa kuzaliwa;
(c) wakati wa kunyonya.
VVU haviambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kukaa nyumba moja.

B. Jaribio: Punje mia moja

Vifaa: punje 100 za mahindi meupe na masizi kidogo ya chungu.

Kila punje ni mtoto mmoja aliyezaliwa na mama mwenye VVU. Pakeni masizi punje 45. Mama na mtoto wasipopata dawa yoyote, watoto wanaoambukizwa huweza kufikia idadi hiyo katika kila 100. Sasa futeni masizi hadi zibaki punje 5 tu. Mama na mtoto wakipata dawa na kuzifuata vizuri, watoto wanaoambukizwa huwa pungufu ya 5 katika kila 100. Zihesabuni punje mlizozifuta. Hao ndio watoto wanaoweza kuokolewa.

C. Kazi ya dawa

VVU huingia ndani ya chembe ya damu na kuifanya itengeneze virusi vingine vingi. Dawa za kufubaza VVU huzuia kazi hiyo. Virusi hupungua sana katika damu, na mama hupata nguvu. Hata hivyo, virusi vichache hubaki vimejificha ndani ya chembe. Hali hiyo ni kama moto uliofunikwa kwa majivu. Anayepita huona jiko limezimika, lakini kaa lingali hai. Mama akiacha dawa, virusi huzaana upya na kuongezeka katika damu na katika maziwa yake. Kuacha dawa na kuanza tena mara kwa mara kunaweza pia kuvifanya virusi viwe sugu, yaani dawa isivizuie tena.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 jirani zetu wa Malawi walianza kumpa kila mama mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yake yote. Tanzania ilianza kufuata utaratibu huo mwaka 2013.

D. Habari ya mama mmoja

Tumwite Mama Juma. Juma ni mtoto wake wa kwanza. Alipopata mimba ya pili alikwenda zahanati mapema, akapimwa damu na kuonekana ana VVU. Alianza kumeza dawa kila jioni. Alijifungua salama mtoto wa kike. Mtoto alipewa dawa ya maji kwa wiki 6, kisha akapimwa damu. Hakuwa na VVU.

Baadaye Mama Juma alikwenda kijijini kwa mama yake ili apate msaada wa kulea. Huko dawa zilimwishia. Alijiona mzima. Nauli ya kurudi hakuwa nayo, na aliogopa majirani wasije wakamwona akichukua dawa. Siku 12 zikapita, naye aliendelea kunyonyesha.

Zahanatini mwuguzi alitazama daftari, akaona siku ya Mama Juma imepita. Alimpigia simu mhudumu wa afya wa kijiji kile. Mhudumu alifika jioni, akapiga hodi, akamwamkia bibi, kisha akaketi faraghani na mama.

"Sikuja kukugombeza, Mama Juma," alisema. "Nimekuja kukuuliza ni jambo gani lililokuzuia."

Mama Juma alieleza yote. Alifahamishwa kuwa angeweza kupewa dawa katika zahanati ya hapo kijijini. Kesho yake alikwenda na kadi yake. Mtoto alipimwa tena, na akapimwa mara ya mwisho baada ya kuacha kunyonya. Hakuwa na VVU.

Siku zile 12 zilikuwa za hatari. Mama Juma aliwahiwa, lakini si kila mama huwahiwa.

E. Jinsi ya kuwasaidia akina mama

Mama huweza kuacha kliniki kwa sababu ya umbali, nauli, kazi nyingi, hofu ya kusemwa, au kwa kujiona amepona. Baba anaweza kumsindikiza. Mwuguzi anaweza kumpokea kwa upole. Mtoto mkubwa anaweza kuchota maji au kumlea mdogo wake siku ya kliniki. Majirani wanaweza kuacha masengenyo. Tena, kumbukeni kuwa habari za afya ya mtu ni siri yake. Si vyema kuulizana darasani nani ana ugonjwa gani.

Mambo ya kukumbuka

1. Mama mwenye VVU anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU.
2. Dawa hufubaza virusi, haziviondoi vyote.
3. Mama huendelea na dawa baada ya kujifungua na maisha yake yote.
4. Mtoto hupimwa zaidi ya mara moja, hata baada ya kuacha kunyonya.

Mazoezi

1. Taja nyakati tatu ambazo VVU huweza kumwingia mtoto.
2. Kwa nini VVU katika mwili wa mama anayemeza dawa vimefananishwa na kaa chini ya majivu?
3. Mtoto wa Mama Juma alipimwa akaonekana hana VVU. Kwa nini alikuwa bado hatarini?
4. Mhudumu angemgombeza Mama Juma, unadhani ingekuwaje?
5. Chora kalenda ya mwezi mmoja. Weka alama siku ya kliniki, kisha andika kazi moja ambayo ungeifanya nyumbani siku hiyo ili mama aweze kwenda.