Mpangaji na Mwenye Nyumba: Istilahi ya Kujihifadhia Data kwa Mfano wa Mtaa wa Umoja

Mtaa wa Umoja, mashariki mwa jiji la Nairobi, ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 na Baraza la Jiji kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Azma ilikuwa mkazi wa kipato cha chini amiliki nyumba yake. Leo sehemu kubwa ya mtaa huo, hasa Innercore, imejaa magorofa ya kupangisha. Mkazi akichelewesha kodi huenda akakuta kufuli mlangoni. Makala haya yanaazima tajriba hiyo kufafanua dhana ambayo Kiswahili hakijaipa istilahi thabiti: mtu kuendesha programu na kutunza data zake kwenye tarakilishi yake mwenyewe badala ya kuzikabidhi kwa kampuni.

Baadhi ya watafsiri huiita tarakilishi inayobeba tovuti "mwenyeji". Neno hili lina walakini. Mwenyeji humkirimu mgeni, wala hamtozi kodi. Kampuni huandika masharti, huyabadilisha ipendavyo, na huweza kuibomoa nyumba yenyewe. Yahoo iliifunga GeoCities nchini Marekani mwaka 2009; Google ikaifunga Google+ kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019; Yahoo Groups ikafuata mwaka 2020. Kijana wa Umoja atungaye mashairi ya Sheng na kuyaweka kwenye ukurasa wa kampuni pekee ni mpangaji asiyeweza kuujadili mkataba wake. Kwa mwanaisimujamii hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa Sheng hubadilika upesi mno: matini zikifutwa mwaka huu, mwaka ujao hazipatikani tena vinywani mwa watu.

Yamkini "kujihifadhia" ingefaa. Kirejeshi -ji- pamoja na kauli ya kutendea huonyesha kwamba mtenda ndiye mnufaika. Kasoro yake ni kwamba hifadhi hudokeza ghala, ilhali seva haiweki vitu tu, bali hufanya kazi usiku na mchana. Hata hivyo, ni afadhali kasoro hii kuliko ukarimu wa uongo wa "mwenyeji".

Zana za kazi hiyo zipo. Ushahidi, programu iliyobuniwa nchini Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za uchaguzi, ni huria. Yeyote aweza kuisimika kwenye seva yake. Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016, hutunza faili, kalenda na picha, na kompyuta kuukuu yenye Linux yatosha kuiendesha.

Ugumu uko kwingine. Stima hupotea. Aidha, watoa huduma za intaneti aghalabu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, mithili ya ploti yenye lango moja lisilo na nambari za vyumba: mkazi aweza kutoka, lakini mgeni hajui abishe wapi. Ndiyo sababu wengi huishia kukodi seva ng'ambo, yaani kupanga tena, ingawa safari hii ufunguo wa chumba wanao wao. Barua pepe ndiyo ngumu kuliko zote, kwani kampuni kubwa huzishuku na kuzitupa zile zitokazo kwenye anwani za majumbani.

Kwa asiyeweza kuhama bado, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa haki ya kupewa data zake na kuzihamishia kwingine. Kwa lugha ya Umoja, mpangaji ana haki ya kutoka na vyombo vyake.