Ndoa Inayongoja Ukumbi

Jumamosi moja asubuhi baba mmoja na mama mmoja walifika ofisini kwa padre kuandikisha Ubatizo wa mtoto wao wa tatu. Karatasi ilijazwa bila shida: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, kigango, majina ya wasimamizi. Kisha tukafika pale panapoulizwa ndoa ya wazazi ilifungwa lini, na katika kanisa gani. Baba akanyamaza. Mama akamfunika mtoto vizuri zaidi, ingawa hapakuwa na baridi. Hatimaye baba akasema, "Padre, bado tunajichanga." Nikamwuliza wamekuwa wakijichanga kwa muda gani. Akajibu, "Mwaka wa 12 huu."

Nilidhani kuna kizuizi wanachonificha, nikauliza maswali ambayo padre hana budi kuyauliza. Je, mmoja wao alipata kufunga ndoa na mtu mwingine? Hapana. Je, wana undugu wa damu? Hapana. Wazee wamekataa? Wazee walikubali zamani, na mahari ilipokewa. Basi palikosekana nini? Palikosekana fedha ya ukumbi, ya magari, ya nguo, na ya chakula cha watu wasiopungua 200. Kwa ajili ya vitu hivyo Wakristo wawili waliobatizwa na kupewa Kipaimara wamekaa miaka 12 bila kujongea Meza ya Bwana; na kila Dominika, wenzao wanapoinuka kwenda kukomunika, wao husogeza magoti tu ili wengine wapate kupita.

Jambo hili si la kigango kimoja. Mapadre wengi wa mjini na wa shamba wanalijua, na makatekista wanalijua zaidi yetu. Wala si la nchi yetu peke yake. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alilitaja waziwazi: kwamba wako watu wanaoishi pamoja wasifunge ndoa kamwe kwa sababu ya gharama za sherehe, na kwamba hata wale wafungao ndoa mara nyingi hufika altareni wamechoka, kwa kuwa nguvu zao zote zimekwisha katika kadi, mavazi na karamu.

Yafaa basi tuulize: Kanisa lataka nini hasa ili ndoa iwe ndoa? Wengi wetu tukiulizwa twajibu haraka, kisha katika jibu letu mnaingia shela, pete za dhahabu, keki na wapambe. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haina neno juu ya keki. Yataka mwanamume na mwanamke walio huru, wasio na kizuizi. Yataka wakubaliane kwa hiari yao wenyewe. Na yataka wakubaliane mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Tena sheria hiyohiyo yaongeza jambo ambalo wachache wamelisikia. Ikiwa kumpata padre haiwezekani bila taabu kubwa, na inaonekana kwa busara kwamba hali hiyo itaendelea muda wa mwezi mmoja, au ikiwa mmoja wa wachumba yumo katika hatari ya kufa, ndoa yaweza kufungwa kwa halali mbele ya mashahidi wawili peke yao. Simwambii mtu afanye hivyo huku parokia iko nyuma ya nyumba yake! Nataja ili tuone jinsi Kanisa, lilipoandika mambo ya lazima, lilivyoandika machache.

Na hayo machache yana historia yake. Kwa karne nyingi Wakristo waliweza kufunga ndoa kwa kupeana neno tu, hata faraghani, na Kanisa lilikiri kwamba ndoa hiyo ni ndoa kweli, ijapokuwa lilichukia desturi hiyo. Likaona matokeo yake. Mwanamume alimwahidi mwanamke faraghani, akakaa naye, kisha akamkana akamwoa mwingine hadharani. Na yule wa kwanza hakuwa na shahidi wa kumsaidia. Ndipo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaamuru kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Amri hiyo haikufika mahali pote kwa namna moja, mpaka Papa Pio X alipoitangaza upya mwaka 1907 kwa karibu Kanisa zima, ianze kufuatwa tangu Pasaka ya 1908. Basi yule padre na wale mashahidi hawakuwekwa ili kuifanya arusi ipendeze machoni. Waliwekwa ili mwanamke asikanwe. Leo tumefanya kinyume: tumeizungushia ndoa mapambo mengi hata mwanamke anabaki miaka 12 bila shahidi hata mmoja.

Mtu atasema, serikali itamlinda. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema mwanamume na mwanamke wakiisha kukaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakiwajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kortini. Na ni nani apingaye? Aghalabu ni ndugu wa marehemu, siku chache baada ya mazishi, nyumba na shamba vinapogombewa. Mwenye cheti hutoa cheti. Asiye nacho huanza kutafuta majirani wa kumsemea. Sheria hiyohiyo, tuseme na hili, yatamka kwamba ndoa iliyo kamili katika mambo mengine haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Kwa hiyo hata anayesubiri ng'ombe wa mwisho hana hoja kwa serikali wala kwa Kanisa. Wazee waheshimiwe, deni lao lilipwe, lakini ndoa isifanywe rehani.

Sasa gharama hii imetoka wapi? Sipendi kuishutumu mila ya kuchangiana, kwa maana ni mila njema, nami nimelelewa ndani yake. Katika arusi za vijijini jirani alileta debe la mahindi, mwingine akaleta mzigo wa kuni, wanawake wakapokezana kutwanga, vijana wakateka maji na kujenga kibanda cha majani ya migomba. Aliyekuwa hana kitu alikuja na mikono yake, akala na wengine. Tazama sasa yafanyikavyo mjini. Kamati huundwa, mwenyekiti na mweka hazina huchaguliwa, bajeti husomwa kana kwamba ni ya halmashauri. Kila mtu hutakiwa kutaja ahadi yake, nayo huandikwa daftarini, na ujumbe wa kumkumbusha humfuata katika simu mpaka alipe. Kadi huwa za namna mbili, ya mtu mmoja na ya watu wawili, kila moja na kiwango chake. Asiyefikisha kiwango hapati kadi, na asiye na kadi haingii. Kabla ya arusi yenyewe kuna sherehe ya kumfunda binti, na nyingine ya kumuaga, ile waiitayo sendofu, kila moja na kamati yake na sare yake.

Wasomaji wapenzi, tusipite hapa upesi. Karamu ambayo mlangoni pake mtu huulizwa kama amelipa si mchango tena. Ni biashara ya siku moja. Bwana wetu aliwaagiza wanaofanya karamu wawaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kulipa. Sisi tumewaalika waliokwisha kulipa. Na shangazi wa bibi arusi aliyetoka kijijini kwa basi usiku kucha huweza kukaa nje ya ukumbi, kwa kuwa jina lake halimo katika orodha. Haya yametokea. Kisha wapo bwana na bibi arusi waanzao maisha yao na deni ambalo halijaisha hata mtoto wa kwanza anapozaliwa.

Wako watakaonijibu kwamba hata Bwana Yezu alikwenda arusini Kana, na wala hakukemea kinywaji. Wasema kweli, nami ninafurahi kujibiwa hivyo. Ile mitungi sita ya mawe, ukiipima kwa vipimo vyetu, ilichukua zaidi ya lita 400, na yote ikawa divai njema. Hakuna anayeweza kusema kwamba Bwana anachukia furaha ya arusi. Lakini tuisome habari hiyo taratibu. Divai iliisha karamu ikiendelea. Maana yake nyumba ile haikuwa na fedha za kutosha. Bajeti yao, kama tungeiita hivyo leo, ilikuwa pungufu. Hata hivyo arusi ilikuwa imekwisha anza. Hatusomi kwamba mzee yeyote aliwaambia vijana wale, "Ngojeni kwanza mpaka divai itoshe." Walianza na walichokuwa nacho, na Bwana akiwa miongoni mwa waalikwa. Anayeahirisha arusi mpaka kila mtungi ujae hampi Bwana nafasi hata ya kualikwa.

Hapa sisi mapadre tusijitoe. Ni rahisi kuwasema wazazi wanaotaka arusi ya binti yao ipite ile ya jirani, na wanastahili kusemwa. Lakini je, mlango wetu u wazi? Ziko parokia ambazo mchumba hutangulia kuulizwa risiti za michango yote ya miaka iliyopita kabla ya kuulizwa kama anajua maana ya Sakramenti anayoiomba. Zaka ni wajibu, nami nimeihubiri. Lakini Kanuni ya 848 ya Sheria ya Kanisa yakataza mhudumu kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa na wakuu, nayo yamwagiza aangalie daima wahitaji wasinyimwe msaada wa Sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni hiyo haisomwi sana matangazoni. Tena kuna kosa jingine letu, dogo lakini lenye nguvu. Arusi yenye magari kumi twaitolea hotuba ndefu na kwaya nzima, na ile ya watu sita twaimaliza kwa haraka kama shughuli ya karani. Waamini wanaona. Wanajifunza kutoka kwetu ni arusi ipi iliyo ya maana.

Parokia kadha wa kadha zimeanza kufungisha ndoa za pamoja, wachumba wengi katika Misa moja ya Dominika, kisha chakula kidogo uwanjani. Wapo wanaozidharau, wakiziita ndoa za mkumbo. Mimi nimesimamia moja. Walikuwa wachumba tisa, wengine na wajukuu, na bibi mmoja alitamka maneno ya agano kwa sauti kubwa hata wanakwaya wakaacha kunong'ona. Aliyemwona hawezi kuiita ile ndoa ya mkumbo.

Turudi kwa wale wawili wa karatasi ya Ubatizo. Niliwaeleza haya niliyoyaandika, kwa ufupi. Baba alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na watu watasema nini?" Sikuwa na jibu zuri. Mama ndiye aliyejibu, tena bila kuniangalia mimi. Alimwambia mumewe, "Wamekwisha sema miaka 12."

Walihudhuria mafundisho kwa katekista jioni, baada ya kazi. Ndoa yao ikatangazwa Dominika tatu, na hakuna aliyekuja na kizuizi. Walifunga ndoa siku ya Alhamisi, katika Misa ya alfajiri, mashahidi wao wakiwa jirani yao fundi seremala na mke wake. Bibi arusi alivaa kitenge alichokuwa nacho. Watoto wawili wakubwa walikaa benchi la mbele katika sare za shule, maana walitakiwa kuwahi darasani. Baada ya Misa tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha katika nyumba ya mapadre, watu kumi na mmoja kwa hesabu yangu, na saa mbili bwana arusi akaondoka kwenda kazini. Dominika iliyofuata wote wawili walikomunika, na mtoto wa tatu akabatizwa katika Misa ileile.

Mama mzazi wa bwana arusi ndiye peke yake aliyekuja kunilalamikia. Alisema hakukataa arusi ndogo, wala hakukataa Alhamisi. Ila angeambiwa mapema kwamba kutakuwa na mihogo tu, angalau angeleta kuku.