Karatasi ya Mkojo Inasema Nini? Fahamu Majibu ya Maabara

Kipimo cha mkojo ni miongoni mwa vipimo rahisi zaidi katika vituo vya afya. Hata hivyo, wakazi wengi huondoka maabara wakiwa na karatasi wasiyoielewa, na baadhi huenda moja kwa moja kwenye duka la dawa. Makala hii inaeleza mambo makuu yanayoandikwa kwenye karatasi hiyo.

Kutoa sampuli

Mkojo wa kwanza wa asubuhi hufaa kwa vipimo vingi. Mgonjwa hunawa kwanza, huacha mkojo wa mwanzo upite, kisha hukinga ule wa katikati kwenye kopo alilopewa. Chupa ya soda iliyosuuzwa nyumbani haifai, kwa kuwa mabaki ya sukari yanaweza kupotosha majibu. Sampuli ifikishwe maabara ndani ya saa moja, kwani katika joto la Garissa bakteria huongezeka haraka. Mwanamke aliye katika hedhi amjulishe mhudumu mapema.

Majibu na maana yake

*Protini.* Figo zenye afya huzuia protini isipite. Ikionekana mara moja, huenda imesababishwa na homa, kazi nzito au upungufu wa maji mwilini. Ikiendelea kuonekana, figo, presha na kisukari vichunguzwe. Kwa mjamzito aliyepita wiki 20, protini pamoja na presha ya 140/90 au zaidi ni ishara ya hatari inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Akiumwa sana na kichwa, akiona maluweluwe au akivimba uso, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Familia isingoje mwenye boma arudi kutoka malishoni ndipo itoe ruhusa.

*Seli nyeupe na nitriti.* Mara nyingi huashiria maambukizi ya njia ya mkojo, hasa mgonjwa akihisi kuungua anapokojoa. Wanawake waliopitia ukeketaji wa kushonwa hupata maambukizi haya mara kwa mara kwa sababu mkojo hautoki vizuri. Wasione haya kumweleza mkunga, kwani msaada upo. Dawa za antibiotiki zitumiwe kwa maagizo ya daktari na dozi imalizwe.

*Damu.* Inaweza kutokana na maambukizi, mawe kwenye figo au kichocho. Katika vijiji vya kando ya Mto Tana, mtoto anayeoga mtoni kisha akakojoa damu apimwe kichocho. Hiyo si dalili ya kubalehe. Mayai ya kichocho huonekana vyema katika mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, lakini ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo. Mtu mzima mwenye damu kwenye mkojo hata bila maumivu achunguzwe zaidi, kwani saratani ya kibofu huweza kuanza hivyo.

*Sukari na ketoni.* Sukari kwenye mkojo ni sababu ya kupima damu ili kuthibitisha kama ni kisukari. Ketoni peke yake huweza kuonekana kwa mtu anayefunga Ramadhani au aliyetapika sana. Zikionekana zote mbili, na mgonjwa anatapika au anapumua kwa kasi, hiyo ni dharura.

*Bilirubini.* Huelekeza kwenye matatizo ya ini au nyongo, hasa macho yakiwa ya manjano.

Rangi pekee haitoshi

Mkojo wa manjano iliyokolea mara nyingi humaanisha mtu hajanywa maji ya kutosha. Wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupata mkojo wa rangi ya machungwa. Hilo ni la kawaida, na wasikatize dawa kwa hofu hiyo.

Kabla ya kuondoka

Jibu moja lisilo la kawaida si hukumu. Mkazi anashauriwa kumwuliza mhudumu maswali matatu: Ni nini kilichoonekana? Kipimo kirudiwe lini? Ni dalili gani zikitokea nirudi haraka? Karatasi itunzwe, na wajawazito waibebe pamoja na kitabu cha kliniki kila ziara. Anayeishi mbali na kituo anaweza kuanza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamwelekeza kwenye zahanati iliyo karibu.