Chakula cha Njiani Kisichohitaji Moto

Somo la leo ni chakula cha safari. Sisi wa kambini hatusafiri kwa matembezi. Tunasafiri kwa lori kwenda Nimule au Nadapal, kwa boti kubwa za mtoni kwenda Bor na Malakal, na wakati mwingine kwa miguu. Safari ya siku moja hugeuka ya siku nne kwa sababu ya matope, gari kuharibika au njia kufungwa. Huko njiani hakuna sufuria wala kuni, na usiku moto wenyewe unaweza kuwa hatari kwa kuwa unaonekana kutoka mbali.

Mwaka 2017 mimi na mama tulitoka Torit kwenda mpakani ili tufike Kakuma. Tulibeba unga wa mahindi na maharagwe, tukajiona tumejiandaa vizuri. Lori likaharibika kabla ya Narus, tukaanza kutembea. Unga tulikuwa nao kichwani lakini hatukuweza kuula. Siku ya pili mdogo wangu akakataa kusimama. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye msafara akafungua kitambaa, akampa donge la karanga na ufuta vilivyotwangwa pamoja. Alikula matatu, akanywa maji, akalala kidogo, akaamka akatembea. Tangu siku hiyo sisafiri bila madonge hayo.

Kwa nini yalisaidia? Unga na sukari ni vyakula vya kutia nguvu, lakini mwili unahitaji pia protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Mtu anayetembea na mzigo bila kula vya kutosha, mwili wake huanza kula misuli yake mwenyewe. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Biskuti za dukani na soda, ambazo ndizo wengi wetu hununua kituoni, hazifikishi kiasi hicho hata ukila pakiti nyingi.

Kutengeneza madonge si kazi ngumu. Chukua karanga kilo 1 na ufuta nusu kilo. Vyote vinapatikana Konyo Konyo. Kwanza chagua karanga kwa mkono. Hapa tusifanye haraka. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu itupwe, maana ukungu huo una sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Sumu hiyohiyo kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kisha kaanga karanga peke yake na ufuta peke yake, kwa sababu ufuta huungua upesi. Ondoa maganda ya karanga, twanga vyote mpaka mafuta yatoke, tia chumvi kidogo na sukari au asali, finyanga madonge. Usitie maji hata tone, yataoza. Yafunge kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Gramu 200 za mchanganyiko huo, ambazo ni kama viganja viwili vilivyojaa, zina karibu gramu 45 za protini. Kwa hiyo kilo moja na nusu inamtosha mtu mmoja kwa wiki, ukiongeza na samaki.

Samaki ninaosema ni wale wadogo waliokaushwa, wengine huwaita dagaa, wengine omena, wengine mukene. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waoshe mchanga wote, wakaushe, kisha wakaange nyumbani mpaka wawe wakavu kabisa, ndipo wataliwa njiani bila kupikwa. Waliotiwa chumvi nyingi waache, watakumalizia maji. Mayai ya kuchemsha ni mazuri pia, lakini kwa joto letu yale siku hiyohiyo.

Sasa vitu vya kuacha. Maharagwe mabichi yasiliwe kabisa, hata yakilowekwa usiku kucha. Punje chache za maharagwe mekundu zinatosha kumtapisha mtu. Unga wa mgao wa mahindi na soya, ule wa uji, nao unahitaji kupikwa. Nimeona watu wakiukoroga na maji baridi, si vizuri.

Kuhusu zile pakiti za gramu 92 za watoto wenye utapiamlo mkali, najua zinauzwa sokoni na najua baadhi yetu hubeba kwa safari. Ndani yake ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ni sehemu ya dawa ya mtoto fulani, na akikosa anaweza kufa. Wewe mtu mzima twanga karanga zako.

Chakula kikavu kinadai maji, na maji ya njiani ndiyo yenye kipindupindu. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024 ulianzia Renk, mahali ambapo wasafiri wengi hupita. Beba vidonge vya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Nawa mikono kabla ya kushika madonge. Sabuni kipande kidogo haina uzito.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, hata safarini, na mama ndiye ale madonge zaidi. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinaweza kuwakaba. Wapewe zilizotwangwa laini. Na kama mtoto wako yuko kwenye mpango wa lishe, pita kliniki kabla ya kuondoka uombe karatasi ya uhamisho, ili kituo cha huko uendako kimpokee na aendelee na matibabu bila kuanza upya.