Tiba ya Mionzi: Yanayomsubiri Mgonjwa wa Saratani Anayetoka Tseikuru

"Amepelekwa kuchomwa." Ndivyo wengi wetu tunavyosema jirani anapotumwa Nairobi kutibiwa saratani kwa mionzi. Neno hilo limewatisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu anasikia kuchomwa, anawaza moto, chuma chekundu, kovu. Wengine hukaa nyumbani na barua ya rufaa imekunjwa ndani ya Biblia hadi uvimbe unakuwa mkubwa kupita kiasi. Toleo hili linaeleza mambo yanayofanyika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ili anayetumwa aende akijua anakokwenda.

Mionzi inayotumika ni ya aina moja na ile ya eksirei, ila nguvu yake ni kubwa zaidi na inaelekezwa mahali padogo palipopimwa. Inapopita kwenye seli za saratani inaharibu chembe za urithi zilizomo ndani yake, na seli hizo zinashindwa kuzaana. Hazifi saa ileile. Hufa polepole kwa siku na wiki. Seli nzuri zilizo karibu pia huguswa, lakini zina uwezo mkubwa zaidi wa kujirekebisha, na ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo kwa siku nyingi badala ya kutolewa yote mara moja. Atakayeelewa jambo hili moja ataelewa pia kwa nini daktari hukasirika mgonjwa anaporuka siku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani wa matibabu yao. Saratani zinazoonekana sana Kenya, yaani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio, zote hutibiwa kwa mionzi, ama peke yake au pamoja na upasuaji na dawa. Kuna wanaotibiwa wapone kabisa. Wengine wanapewa kwa siku chache tu, pengine hata siku moja, ili kupunguza maumivu ya mfupa au kuzuia damu isitoke. Muulize daktari mapema: mionzi hii ni ya kuponya au ya kutuliza? Una haki ya kujua, na jibu litasaidia jamaa kupanga pesa na muda.

Kabla ya kupanda gari

Mashine ya mionzi haiko Tseikuru, wala hospitali za kiwango chetu haziwekewi mashine hiyo, kwa kuwa inahitaji chumba chenye kuta nene za zege na wataalamu wa fizikia pamoja na madaktari. Wagonjwa wetu wengi hutumwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko upande wa Kahawa. Serikali pia imeanzisha vituo vya saratani vya kanda Nakuru, Mombasa na Garissa. Mkaazi wa Tseikuru akishafika Mwingi yuko karibu katikati ya barabara ya Nairobi na Garissa, kwa hivyo si lazima mawazo yote yaelekee Nairobi. Muulize daktari anayekuandikia rufaa kama tiba yako inaweza kufanyika Garissa, na kama foleni ya huko ni fupi. Pengine jibu litakuwa la, lakini ni vyema kuuliza.

Beba barua ya rufaa, kitambulisho, na ripoti ya maabara ya kinyama kilichokatwa. Ripoti hiyo ndiyo huwarudisha watu nyumbani mikono mitupu, kwa sababu bila maandishi yanayothibitisha ni saratani ya aina gani, hakuna mtaalamu atakayewasha mashine. Beba pia picha zote ulizopigwa, hata za zamani, pamoja na orodha ya dawa unazotumia. Kama unatumia mitishamba, taja. Hakuna atakayekucheka, na baadhi ya miti hugongana na dawa za hospitali.

Kuhusu malipo, hakikisha umesajiliwa na SHA na mchango wako umelipwa kabla ya kuondoka, si baada ya kufika dirishani. Usajili unafanywa kwa simu kupitia *147# au kwa usaidizi wa mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Mfumo huu ulipoanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, kila jamaa ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na shilingi 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu na ya dharura zile za kwanza zikiisha. Viwango hurekebishwa, kwa hivyo uliza dawati la SHA hospitalini kiwango cha sasa, na uulize pia umebakiwa na kiasi gani, hasa kama ulishalipiwa upasuaji au dawa za mishipa mwaka huo huo.

Tumeona michango mingi ikikosea mahali pamoja. Jamaa na majirani wanachanga pesa za hospitali, lakini hakuna anayehesabu chumba cha kulala, chakula na nauli ya matatu ya kila siku kwa wiki tano au sita. Mgonjwa anamaliza wiki tatu, pesa zinaisha, anarudi nyumbani "kupumzika kidogo". Hesabuni siku zote tangu mwanzo, pamoja na za mtu atakayeandamana naye. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukifika, nenda huko siku ya kwanza uulize kuhusu malazi ya wagonjwa wanaotoka mbali, usingoje mpaka ukwame.

Siku ya vipimo

Ziara ya kwanza ni ya mazungumzo na uchunguzi. Mwanamke wa umri wa kuzaa ataulizwa kama ana mimba na kupimwa, kwa kuwa mionzi humdhuru mtoto aliye tumboni. Aliye na saratani ya kichwa au shingo atatumwa kwanza kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe kabla ya mionzi, kwa sababu likija kung'olewa baadaye taya huenda likakataa kupona.

Halafu kuna siku ya kupanga. Utalazwa juu ya kitanda kigumu, upigwe picha za skani ya CT ukiwa katika mkao uleule utakaokuwa nao kila siku ya matibabu. Wahudumu watakuchora alama kwa wino, au wakuweke vidoa vidogo vya chale visivyofutika. Mgonjwa wa kichwa au shingo hutengenezewa kofia ya plastiki yenye matundu, inayolainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa usoni mwake ili asitikisike. Unapumua vizuri ndani yake, ingawa dakika za kwanza humtia mtu wasiwasi. Ukiwa mtu wa kuogopa mahali pa kubana, sema mapema.

Baada ya hapo daktari na mwanafizikia huketi na picha zile wakakokotoa mionzi ipite wapi na ikwepe nini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi. Hujasahauliwa. Ila weka namba ya simu ya kliniki na upige usipoitwa.

Ndani ya chumba cha mashine

Matibabu hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa. Saratani ya titi mara nyingi huchukua siku 15 hadi 25, ya mlango wa kizazi karibu siku 25, na ya koo au mdomo hufika 30 hadi 35. Kila siku unavua nguo za sehemu inayotibiwa, unalala, wahudumu wanalinganisha alama zako na miale ya taa, kisha wanatoka na mlango mzito unafungwa. Unabaki peke yako, lakini wanakuona kwa kamera na kukusikia kwa kipaza sauti. Ukiinua mkono watasimamisha mashine. Mashine inazunguka na kunguruma. Huhisi joto, huhisi maumivu, huoni kitu. Mionzi yenyewe ni ya dakika chache, na ndani ya robo saa hivi umeshatoka. Wengi wanaotoka siku ya kwanza huuliza, "Ni hivyo tu?"

Wenye saratani za nyonga, kwa mfano ya mlango wa kizazi au tezi dume, huagizwa kunywa maji ya kiasi fulani kabla ya kuingia ili kibofu kijae na kusukuma utumbo kando. Fuata agizo hilo kila siku vilevile.

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi huongezewa mionzi ya ndani, kwa kawaida mara tatu au nne. Hapa kifaa chembamba huingizwa kupitia ukeni hadi karibu na uvimbe, chanzo cha mionzi kinapitishwa ndani yake kwa dakika kadhaa, kisha vyote hutolewa. Tusidanganyane, hatua hii ina usumbufu na uchungu, na ndiyo inayokimbiwa zaidi. Dawa za maumivu au za usingizi hutolewa. Ziombe. Bila mionzi hii ya ndani, uwezekano wa kupona unapungua sana hata kama umemaliza siku zote 25 za nje.

Je, unaweza kuwadhuru watoto ukirudi nyumbani? La. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kama vile mwanga haubaki chumbani taa ikizimwa. Beba mjukuu, kula sahani moja na mumeo, lala kitanda kimoja. Walio tofauti ni wale wanaonyweshwa madini ya ayodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo. Hao hutengwa kwa siku chache na hupewa maagizo yao.

Mwili utakavyobadilika

Wiki ya kwanza huwa tulivu. Kuanzia ya pili au ya tatu uchovu unaingia, uchovu ambao usingizi hauumalizi. Huu si uvivu wala si dalili kwamba saratani imeshinda. Jamaa wachukue kazi ya kuteka maji na kutafuta kuni. Matembezi mafupi asubuhi husaidia kuliko kulala mchana kutwa.

Mabadiliko mengine hutokea pale tu mionzi inapopita. Nywele za kichwani hazing'oki kwa sababu ya mionzi ya nyonga. Ngozi ya sehemu inayotibiwa hugeuka nyeusi zaidi, hukauka, huwasha, na kwenye mikunjo, mfano chini ya titi au kinenani, yaweza kuchubuka. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, papasa kwa kitambaa laini, usisugue. Vaa pamba iliyo pana. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya kienyeji wala krimu ya dukani kabla ya kuuliza. Jua letu la Tseikuru ni kali, hivyo funika sehemu hiyo kwa leso kila unapotoka, hata miezi baadaye.

Anayetibiwa koo au mdomo atapata vidonda, mate yatapungua, na chakula kitakuwa kama udongo mdomoni. Muthokoi uwekwe kando kwa muda. Uji mwepesi wenye maziwa, ndengu zilizopondwa, mayai, parachichi, vyote viwe vuguvugu, bila pilipili. Ukishindwa kumeza, unaweza kuwekewa mrija wa kulishia kwa muda. Si aibu. Ugoro, sigara na pombe viachwe: huchoma vidonda, na sigara hupunguza nguvu ya tiba yenyewe.

Anayetibiwa nyonga huharisha na kuhisi moto akikojoa. Punguza maharagwe na mboga za majani kwa muda huo, kunywa maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, na mwambie daktari ili upewe dawa. Kwa wanawake, mionzi ya nyonga husimamisha hedhi na uwezo wa kuzaa, na uke unaweza kubana. Kuna vifaa vya kuupanua na mafuta maalumu. Kwa wanaume, nguvu za kiume huweza kupungua. Mambo haya hayasemwi hadharani, lakini daktari ameyasikia mara elfu, na mengi yana msaada ukiuliza mapema.

Usiruke siku

Tiba ikirefushwa bila sababu, saratani hupata nafasi ya kuota tena katikati ya dozi, na dozi hizo haziwezi kuanzwa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Ratiba nyingi za watu wetu hugongana na mvua za Oktoba hadi Desemba. Shamba lipandwe na wengine. Mashine nazo huharibika. Likitokea, usirudi Tseikuru kabla ya kuambiwa siku zilizopotea zitafidiwaje.

Homa, kutokwa na damu nyingi, kushindwa kumeza hata maji, kuharisha kusikokoma au kukosa mkojo ni mambo ya kufika hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa nyumbani, nenda Hospitali ya Tseikuru au Mwingi na uonyeshe kadi yako ya mionzi, hasa kama unapewa pia dawa za saratani kwa mishipa.

Siku ya mwisho utaagizwa kurudi baada ya wiki nne hadi sita. Usishangae kama hupigwi picha papo hapo. Mionzi huendelea kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa, na picha ya mapema huonyesha uvimbe wa majeraha badala ya ukweli, kwa hivyo mara nyingi husubiriwa miezi mitatu. Uchovu na ngozi hutulia ndani ya wiki kadhaa. Zile alama za wino zitafutika zenyewe. Za chale zitabaki, na siku yoyote utakapomwona daktari mpya, hata miaka 10 baadaye, mwonyeshe na umwambie mionzi ilipita hapo.