Pesa, Wakufunzi na Wanafunzi: Namna ya Kusoma Takwimu za Chuo cha Ufundi

Si jambo geni nchini Kenya kukuta karakana mpya ya chuo cha ufundi ikiwa imefungwa kwa kufuli. Jengo limekamilika, rangi imepakwa na bango la mradi limesimamishwa langoni. Wanafunzi wapo. Asiyekuwepo ni mkufunzi, au vifaa vya kufundishia. Mzazi anayeona hali hiyo huuliza pesa zilikwenda wapi. Jibu huwa ndani ya takwimu tatu ambazo mkazi yeyote anaweza kuziomba na kuzielewa: bajeti ya chuo, idadi ya wakufunzi na hesabu ya wanafunzi. Somo hili linaeleza namna takwimu hizo zinavyotegemeana.

Chuo ni cha nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wengi bado huviita politekniki za vijiji. Vyuo vikubwa vya mafunzo ya kiufundi na vyuo vya kitaifa vya ufundi vimebaki chini ya Serikali ya Kitaifa. Tofauti hii ni muhimu kwa mwenye malalamiko. Mkufunzi wa chuo cha kaunti haajiriwi na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, bali na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kwa hivyo, uhaba wa wakufunzi katika chuo cha wadi huulizwa katika idara ya kaunti inayosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.

Serikali ya Kitaifa bado ina sehemu yake. Chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya 2013, ni lazima chuo kisajiliwe na mamlaka ya TVETA, nao wakufunzi wanahitaji kusajiliwa na mamlaka hiyo.

Pesa hutoka wapi?

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18, Serikali ya Kitaifa ilikuwa ikitoa ruzuku maalum kwa vyuo hivi kupitia kaunti. Kiwango cha ufadhili kilikuwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Pesa hizo zilikuwa na masharti, yaani kaunti haikuruhusiwa kuzitumia kwa jambo jingine.

Mambo yalibadilika katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Mgao wa pamoja wa kaunti zote 47 ulipandishwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, na ruzuku kadhaa za masharti, ikiwemo ya vyuo vya ufundi, ziliingizwa ndani ya mgao huo. Pesa za vyuo sasa huja pamoja na za hospitali, barabara, maji na kilimo. Kaunti ndiyo huamua vyuo vitapata kiasi gani. Uamuzi huo hufanywa katika bajeti ya kila mwaka, ambayo kwa mujibu wa sheria haiwezi kupitishwa bila maoni ya umma. Hapo ndipo mkazi anapata nafasi yake.

Kwa nini jengo hutangulia mkufunzi?

Bajeti ya kaunti ina mafungu mawili. Fungu la maendeleo hulipia majengo, mitambo na vifaa vikubwa. Fungu la matumizi ya kawaida hulipia mishahara, umeme, mafuta na vifaa vya kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa. Nazo kanuni za 2015 zinaweka mpaka wa asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu ya wafanyakazi. Hivyo kaunti iliyokaribia au kuvuka mpaka huo inaweza kupata pesa za kujenga karakana na bado ikakosa nafasi ya kuajiri wa kufundisha ndani yake.

Ndiyo maana mkazi anayeomba karakana katika kikao cha umma anafaa kuuliza swali la pili papo hapo: mkufunzi wake ataajiriwa mwaka gani, na mshahara wake uko kwenye fungu lipi? Bila swali hilo, jengo linaweza kukamilika na kukaa bure.

Hesabu ya wanafunzi

Mahali ambapo pesa hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, rejista ya chuo huwa na uzito sawa na hati ya malipo. Tuchukue mfano wa chuo cha kubuni chenye majina 160 kwenye rejista. Kwa kiwango cha shilingi 15,000, chuo hicho kingepata shilingi 2,400,000. Wakaguzi wakifika na kukuta wanaohudhuria ni 110 pekee, shilingi 750,000 zimetolewa kwa watu wasiokuwepo. Kuna chuo kingine ambacho kimezikosa.

Kosa la upande wa pili huumiza pia. Tuseme wanafunzi 30 wamejiunga baada ya orodha kutumwa makao makuu ya kaunti, na majina yao hayakuongezwa. Zile shilingi 2,400,000 sasa zitagawanywa kwa wanafunzi 190. Kila mmoja anabaki na takriban shilingi 12,600. Upungufu huo huonekana kwenye vitambaa, mbao, saruji na nyaya za mazoezi, na mara nyingi mzazi ndiye huombwa kuufidia.

Kwa sababu hiyo, takwimu nzuri hutaja zaidi ya idadi moja. Huonyesha waliojiandikisha, wanaohudhuria, walioacha masomo, waliofanya mtihani na waliohitimu, zikitenganishwa kwa kozi, jinsia na hali ya ulemavu. Chuo chenye wengi waliojiandikisha na wachache waliofika kwenye mtihani kina tatizo linalohitaji kuchunguzwa, liwe ni karo, umbali, au ukosefu wa mkufunzi.

Wakufunzi wahesabiwe kwa kozi

Wastani unaweza kuficha uhaba. Chuo chetu cha mfano kina wanafunzi 160 na wakufunzi wanane. Kwa wastani, kila mkufunzi ana wanafunzi 20, na hesabu hiyo inapendeza. Lakini tazama kozi moja moja:

- Umeme: wanafunzi 60, mkufunzi 1
- Ufundi wa magari: wanafunzi 40, wakufunzi 2
- Urembo na ususi: wanafunzi 25, mkufunzi 1
- Uashi: wanafunzi 20, mkufunzi 1
- Ushonaji: wanafunzi 15, wakufunzi 3

Mkufunzi wa umeme hawezi kufundisha watu 60 kwa vitendo, na mwenzake wa ushonaji hawezi kumsaidia kwa sababu fani ni tofauti. Akiugua au akihama, kozi nzima husimama. Kuongeza mkufunzi yeyote tu hakutatui shida hii. Kinachohitajika ni tangazo la kazi linalotaja fani iliyopungukiwa.

Ni muhimu pia kujua wangapi wameajiriwa kwa kudumu, wangapi wako kwa mkataba na wangapi hulipwa na bodi ya chuo kutokana na karo. Hawa wa mwisho ndio huondoka kwanza karo inapochelewa.

Lini na wapi pa kuuliza

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayesubiri Juni atakuta mengi yameshaamuliwa.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba takwimu hizi kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Aombe jumla, si majina. Rekodi za mwanafunzi mmoja mmoja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Maswali matano yanatosha kwa kuanzia:

1. Chuo kilitengewa kiasi gani mwaka huu, na kimepokea kiasi gani kufikia sasa?
2. Ni wanafunzi wangapi wako kwenye rejista, na wangapi wanahudhuria?
3. Kila kozi ina wakufunzi wangapi, na wameajiriwa kwa masharti gani?
4. Mwaka jana, wangapi walifanya mtihani na wangapi walifaulu?
5. Je, kila karakana iliyojengwa ina mkufunzi na vifaa?

Barua yenye maswali hayo hupelekwa kwa idara husika ya kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi na bodi ya usimamizi ya chuo. Mwandishi ahakikishe nakala yake imepigwa muhuri wa tarehe, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.