SOMO: KUIREJESHA PIKIPIKI KUUKUU BARABARANI

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kuamua iwapo pikipiki kuukuu inafaa kutengenezwa, kupanga kazi ipi itangulie, kununua vipuri bila kudanganywa, na kutambua mabadiliko yanayokubalika na yale yaliyo hatari.

Utangulizi

Rudewa iko kati ya Dumila na Kilosa, katika nchi ya mkonge, mpunga na mahindi. Kabla lami haijawekwa kwenye kilomita 45 za Dumila hadi Rudewa, safari za masika zilikuwa za matope, na chombo kilichoheshimiwa ni kile kilichoweza kupita. Ndiyo maana hata leo ghalani au chini ya mwembe huenda ukaikuta Honda CG125 au Yamaha DT iliyowahi kutumiwa na bwana shamba, mwalimu au mnyapara wa shamba la mkonge.

Tuchukue mfano wa kijana wa Rudewa ambaye marehemu baba yake aliacha CG125 iliyokaa ghalani miaka minane. Kijana ana fedha za mavuno ya msimu mmoja. Anataka kuanza na rangi nyekundu, usukani mpya na kiti kipya, kisha aitumie pikipiki kumpeleka mama yake kliniki Kilosa na kupeleka mpunga mashineni. Fedha hizo zikiishia kwenye rangi, breki zitabaki kama zilivyo, na atakayeketi kiti cha nyuma ni mama yake. Somo hili linahusu namna ya kupanga kazi ili jambo hilo lisitokee.

1. Karatasi kabla ya spana

Kabla ya kulegeza nati hata moja, itafute kadi ya usajili. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini iliyogongwa kwenye ganda lake, na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Safisha sehemu hizo kwa kitambaa na mafuta ya taa. Usitumie tupa wala msasa, kwa kuwa namba iliyofutika huleta shaka ya wizi.

Ikiwa mwenye kadi amefariki, pikipiki ni sehemu ya mirathi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuihamisha kwa mrithi au kuiuza, na uhamisho wa umiliki hufanyika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kijana anayetumia fedha zake kutengeneza pikipiki kabla ya ndugu kukubaliana anatengeneza mali ya wote kwa mfuko wa mmoja, na huo ni mwanzo wa ugomvi. Ikiwa pikipiki iliwahi kuwa mali ya serikali au ya mradi, dai hati inayoonyesha kuwa iliuzwa kihalali. Pikipiki isiyo na kadi wala hati isinunuliwe, hata ikiwa bei yake ni ndogo kiasi gani.

2. Ukaguzi kabla ya kutumia fedha

Ukaguzi wa siku moja huweza kuokoa fedha za msimu mzima. Fuata hatua hizi:

(a) Kagua fremu mchana, nje ya ghala. Tazama shingo na sehemu zote zilizochomelewa. Ukiona ufa au kupinda kwenye shingo, simamisha kazi. Fremu ya namna hiyo haifai kubeba mtu.

(b) Usipige kiki injini iliyolala miaka mingi. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, uiache siku moja, kisha isukume kiki polepole kwa mkono. Ikigoma, ringi huenda zimeshikana na silinda; kuilazimisha huongeza hasara.

(c) Injini ikizunguka, rudisha plagi na usukume tena. Kiki inayoshuka bila kupingwa ni dalili ya ringi au valvu zilizochoka.

(d) Mulika ndani ya tangi kwa tochi. Usitumie kiberiti wala mshumaa, hata kama tangi linaonekana tupu. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka.

(e) Fuata waya za umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Panya wa ghalani hutafuna ganda la waya.

Andika kila kasoro kwenye daftari, uliza bei ya kila kipuri, kisha ujumlishe. Tenga robo ya fedha zako kwa kasoro zitakazojitokeza kazi ikiendelea. Ikiwa jumla inakaribia bei ya pikipiki nyingine iliyo nzima, basi unachonunua ni kumbukumbu ya mzee. Hilo si kosa, mradi ulijue mapema.

3. Mpangilio wa kazi

*Breki.* Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha, nayo ndiyo inayopuuzwa mara nyingi. Pikipiki nyingi za Honda zenye breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Ukibana breki na mshale ukafikia alama ya mwisho, lainingi zimekwisha. Usipulize vumbi la ndani ya ngoma, kwa kuwa lainingi za zamani huenda zina asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Badilisha pia waya wa breki uliokatika hata uzi mmoja.

*Matairi.* Tairi huzeeka hata likiwa halijatembea. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni liondolewe, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Soma tarakimu hizo dukani pia, maana tairi linaloitwa jipya huenda limekaa stoo miaka mingi.

*Tangi na kabureta.* Mwaga petroli ya zamani nje, mbali na jiko, sigara na visima vya maji. Kutu nyepesi ndani ya tangi huondolewa kwa siki iliyoachwa siku moja au mbili, kisha tangi huoshwa na kukaushwa kabisa. Fungua kabureta juu ya sinia jeupe ili jeti ndogo zisipotee, na uzizibue kwa petroli safi na upepo wa pampu. Waya mgumu hupanua tundu la jeti, na injini huanza kunywa mafuta kupita kiasi. Tangi linalovuja lisichomelewe nyumbani. Tangi lililowahi kubeba petroli huweza kulipuka mikononi mwa mchomeleaji.

*Umeme.* Pikipiki nyingi za zamani zinatumia volti 6, ilhali za sasa zinatumia volti 12. Balbu ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 hutoa mwanga hafifu. Balbu ya volti 6 kwenye mfumo wa volti 12 huungua mara moja. Soma betri ya zamani kabla ya kwenda dukani, na uondoe betri kabla ya kugusa waya wowote.

*Injini.* Honda iliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni haba; valvu zake husukumwa na fimbo badala ya cheni. Kwa sababu hiyo nafasi ya valvu hupimika nyumbani. Injini iwe baridi, pistoni iwe juu mwisho wa mgandamizo, na alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya ganda. Nafasi ya kila valvu ni milimita 0.08. Kwa pikipiki ya aina nyingine, fuata kitabu chake. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Oili za magari nyingi huwekewa viungo vinavyofanya klachi iteleze.

Maliza kwa majaribio uani, kisha njia ya shambani isiyo na watu. Barabara kuu ya Kilosa iwe ya mwisho, ukiwa na kofia ngumu, bima, na breki ulizozijaribu mara nyingi.

4. Kununua vipuri

Injini nyingi za pikipiki za Kichina zimefuata muundo wa CG125, hivyo vipuri vinavyofanana ni vingi na bei zake hutofautiana sana. Kufanana kwa sura si kufanana kwa kipimo. Pistoni ya CG125 ya asili ina upana wa milimita 56.5, ya injini ya sentimita za ujazo 150 ya ukoo huohuo ina milimita 62. Kwa hiyo:

- Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi, ukilinganishe palepale.
- Kagua pakiti: maandishi yaliyofifia, tahajia mbovu, au kizibo cha oili kilichowahi kufunguliwa ni dalili za bidhaa bandia.
- Muuzaji akuambie wazi kama kipuri ni cha mtengenezaji mwenyewe, cha kampuni nyingine, au kimetumika. Vyote vyaweza kuuzwa kihalali. Kinachokatazwa ni kimoja kuuzwa kwa jina la kingine.
- Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya kipuri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Kazi ya kumpa fundi

Kuchonga silinda na kunyoosha rimu ni kazi za wenye mashine. Kwa silinda, nunua kwanza pistoni ya kipimo kinachofuata, kwa kawaida kikubwa kwa milimita 0.25 au 0.50, kisha umpe fundi pamoja na bloku ili achonge kwa kuifuata. Ukichonga kwanza, huenda usiipate pistoni inayoingia.

Kubalianeni kwa maandishi: kazi ipi, bei gani, vipuri vinanunuliwa na nani, na siku ya kumaliza. Si utovu wa adabu kumwambia, “Fundi, naomba vile vipuri vya zamani unirudishie.” Fundi mwaminifu hatakasirika, vipuri hivyo ndivyo ushahidi kwamba vipya vimefungwa.

6. Kurembesha na kubadili

Breki, matairi na taa zikiwa tayari, sasa ni zamu ya urembo. Kiti kipya, rangi, usukani wa kimo kinachokufaa na keria imara ni mabadiliko yanayokubalika. Ukibadili rangi au injini, taarifa zirekebishwe TRA ili kadi ilingane na chombo. Rangi isizibe namba ya chesisi. Baada ya kufunga usukani, uzungushe kushoto na kulia hadi mwisho. Waya wa klachi au wa breki ukivutika, ni mfupi mno.

Yafuatayo yaepukwe: kukata fremu ili kiti kirefuke; kuchomelea keria kwenye fremu badala ya kuifunga kwa bolti, kwa kuwa joto hudhoofisha chuma; kutoboa bomba la moshi ili lingurume; na kuondoa vioo, taa au walinda matope. Hayo huhatarisha abiria na kukufikisha mbele ya askari wa usalama barabarani.

Vipuri vya asili ulivyoviondoa, kama kiti, taa na nembo za tangi, vifunge kwenye gunia kavu na uvihifadhi. Mnunuzi wa pikipiki za zamani hulipa zaidi kwa ile inayoweza kurudishwa ilivyokuwa.

7. Ukiuziwa kibovu

Acha kukitumia kipuri mara moja, kipige picha, na umrudie muuzaji ukiwa na risiti. Eleza unachodai: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Akikataa, andika malalamiko yako na uyapeleke kwa Afisa Biashara wa Halmashauri ya Wilaya, au Tume ya Ushindani (FCC), ambayo husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kushughulikia bidhaa bandia. Bidhaa iliyo chini ya kiwango iripotiwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Usikae kimya kwa kuwa hasara ni ndogo. Lainingi bandia uliyoigundua wewe, kesho itafungwa kwenye pikipiki iliyobeba mtoto wa jirani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini umiliki uthibitishwe kabla ya matengenezo?
2. Tairi lenye tarakimu 4118 lilitengenezwa lini?
3. Pistoni inanunuliwa kabla au baada ya kuchonga silinda? Kwa nini?
4. Kijana wa Rudewa ana fedha za kutosha breki na matairi, au rangi na kiti, si vyote. Mshauri, ukitaja sababu mbili.

Jibu la swali la 4

Aanze na breki na matairi. Kwanza, rangi na kiti vinaweza kungoja mavuno yajayo. Breki haziwezi kungoja mteremko. Pili, pikipiki iliyo salama itampeleka mama kliniki na mpunga mashineni tangu msimu huu, hata ikiwa na rangi iliyochakaa, na akiba itakayopatikana ndiyo itakayonunua rangi nyekundu.